Paa au jenereta? Kamati ya kata Tanga inavyoweza kupima maombi ya matengenezo na vifaa

Kamati ya Maendeleo ya Kata ikikaa kupanga fedha za maendeleo, maombi huwa mengi kuliko mfuko. Shule inataka mabati, zahanati inataka jenereta, ofisi ya kata inataka mashine ya fotokopi, soko linalilia choo. Kuna swali moja linaloyapanga upesi: ombi hili likisubiri mwaka mmoja, gharama yake itabaki palepale au itapanda? Rangi ikisubiri inabaki kuwa rangi. Paa linalovuja likisubiri linageuka kuwa paa, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), dari, nyaya na lipu ya ukuta, na mwakani mhandisi analeta makisio mengine kabisa.

Anzeni na kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa mapema sana. Maombi ya mitaa na kata hukusanywa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, baraza la madiwani hupitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na Bunge hukamilisha kabla ya Julai. Ukaguzi wa majengo ufanyike Mei, masika yakiwa bado yanapiga. Mkikagua Agosti, alama za maji zimekauka, kuta zimepakwa chokaa kwa ajili ya mgeni rasmi fulani, na ushahidi pekee uliobaki ni maneno ya mwalimu mkuu.

Tumeni watu watatu: fundi seremala au mwashi asiyetarajia kupewa kazi hiyo, mjumbe mmoja wa kamati, na mtu anayetumia jengo kila siku. Wachukue tochi, kamba ya kupimia, nyundo ndogo, bisibisi ndefu na simu ya kupiga picha. Waingie darini. Ukaguzi unaoishia mlangoni huleta orodha ya rangi na vitasa.

Paa

Kabla ya kuandika "kuezeka upya", mjue maji yanapita wapi. Mara nyingi mabati bado yana uhai, ila mpira wa misumari umekauka na kupasuka, au msumari umelegea kwa kutikiswa na upepo wa kusi. Hapo dawa ni kung'oa misumari na kufunga skrubu nene kidogo zenye mpira mpya. Ni kazi ya siku chache na inaweza kuongeza miaka kadhaa. Mabati yakiwa na matundu ya kutu katikati, mbali na misumari, msibandike viraka, hayo yamekwisha.

Chomeni bisibisi kwenye papi (mbao zinazoshika mabati) na kenchi, hasa pale mbao zinapogusa ukuta. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Kuweka mabati mapya juu ya mbao hizo ni kutupa fedha, maana skrubu haina pa kushika na kusi ya kwanza itaibeba.

Hesabu ya mabati ifanyeni wenyewe hata kama mhandisi atairudia. Tuseme madarasa mawili yana paa la mita 19.2 kwa 10 ukipima chini, pamoja na ukingo unaotoka nje ya ukuta. Hizo ni mita za mraba 192. Mwinuko wa nyuzi 15 unazifikisha karibu 199. Bati la mita 3 lenye upana unaofunika wa sentimita 76, likipandiana sentimita 15, linafunika mita za mraba 2.17. Gawanyeni: mabati 92. Ongezeni asilimia 5 ya vipande na uharibifu, mnapata 97. Makisio yakija na mabati 130, ulizeni kwa upole 33 ni ya jengo gani. Kofia (bati la kufunika kilele cha paa), gata na mbao za ukingo huhesabiwa peke yake.

Geji: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nyepesi kuliko 28, na kwa jengo la umma karibu na bahari 28 ndiyo ya chini ya kukubali. Unene pekee hautoshi, kwa sababu kinachopambana na chumvi ni mpako wa juu. Kwenye mabati ya aluzinki, yaani yenye mpako wa alumini na zinki, ulizeni AZ ngapi. AZ150 ina gramu 150 za mpako kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, na AZ100 ina gramu 100. Kwa majengo ya karibu na bahari, kama ya Chumbageni au Raskazone, tofauti hiyo inaonekana ndani ya miaka michache. Pia msimruhusu fundi kuziba kofia kwa sementi. Unyevu wa sementi mbichi unakula aluzinki na kutu huanzia hapohapo.

Gata lisikatwe kwenye bajeti ili kupunguza bei. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 kwenye paa letu la mita za mraba 192 ni lita 9,600 zinazomwagika kwenye msingi ndani ya siku moja. Nyufa nyingi za chini ya madirisha zinaanzia hapo.

Paa la asbesto lina sheria zake. Lisivunjwe wala kukatwa kwa msumeno. Liloweshwe, lishushwe zima zima, lifungwe, na utaratibu wa kulitupa uulizwe NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla ya kazi. Gharama hiyo iandikwe kwenye makisio tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna mkandarasi atakayeibeba bure.

Zege na kuta

Gongeni nguzo, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na ukingo wa kibaraza kwa nyundo. Penye sauti ya uwazi, zege limeachana na nondo. Chumvi ya bahari imepenya, nondo imeshika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, imelisukuma zege nje. Kupiga lipu juu yake ni kuficha ugonjwa. Zege libomolewe mpaka nyuma ya nondo, nafasi ya milimita 20 hivi, nondo isuguliwe hadi ing'ae, kisha ipimwe. Nondo ya milimita 12 iliyobaki na milimita 10 imepoteza karibu asilimia 30 ya chuma chake. Hapo ni lazima kuongeza nondo nyingine, na uamuzi huo ni wa mhandisi, si wa fundi wala wa kamati. Zege jipya liifunike nondo kwa milimita 40 angalau; karibu na bahari 50 ni bora. Mchanga wa pwani usikaribie kazi hii, hata ukiletwa bure na mwananchi mwema.

Majengo ya zamani ya mawe na chokaa katikati ya mji yanataka mkono mwingine. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Mkiupiga lipu ya sementi, unyevu unakwama ndani, chumvi inasukuma, na baada ya muda lipu inadondoka na vipande vya jiwe. Tumieni chokaa iliyozimwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ishike. Kazi ni ya polepole na inabana ratiba, lakini mkoa wa Tanga hauna upungufu wa mawe ya chokaa. Jengo likiwa limetangazwa kuwa kumbukumbu chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hakuna nyundo kabla ya kibali.

Vifaa

Bei ya dukani ndiyo sehemu ndogo ya hadithi. Kila ombi la kifaa liambatane na karatasi yenye bei, VAT ya asilimia 18, usafiri, ufungaji, mafuta au wino, huduma, spea, na jina la cheo cha atakayekitunza. Kikikosa mtunzaji, ombi lirudishwe.

Chukueni jenereta ya zahanati. Jenereta ya kVA 20 hutoa takriban kilowati 16. Zahanati ndogo yenye friji ya chanjo, taa na hadubini haifiki kilowati 2. Injini ya dizeli ikiendeshwa kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, ambayo hapa ni kilowati 4.8, haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, ekzosi inatokwa na uchafu mweusi na mtungi wa injini unaharibika. Yaani mashine kubwa inakufa kwa kukosa kazi. Kwa mzigo huo fikirieni jenereta ndogo, au sola, au friji ya chanjo inayoendeshwa moja kwa moja na sola, iliyotengenezwa kushika nyuzi joto 2 hadi 8. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, stabilaiza huokoa friji kwa gharama ndogo sana.

Jenereta ikihitajika kweli, kwa mfano kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, hesabuni mafuta. Kwa mzigo wa kilowati 8 weka lita 3 kwa saa. Umeme ukikatika saa 20 kwa mwezi, ni lita 60. Fedha hizo zinatoka kwenye matumizi ya kawaida, ambayo kamati nyingine ndiyo inayapanga, na hapo ndipo majenereta mengi hulala. Oili hubadilishwa kila saa 250 au mara moja kwa mwaka, lolote litangulie, na mashine iwashwe kila wiki ikiwa na mzigo, la sivyo betri itakufa na siku ya siku haitawaka.

Fotokopi nayo ina hesabu yake. Kwa bei za mfano: mashine ya kwanza ni milioni 4.5, wino wake shilingi 180,000 kwa kurasa 6,000, sawa na shilingi 30 kwa ukurasa. Ya pili ni milioni 6, wino 450,000 kwa kurasa 25,000, sawa na shilingi 18. Ofisi ikitoa kurasa 10,000 kwa mwezi, ya pili inaokoa 120,000 kila mwezi na kulipa nyongeza yake kwa takriban miezi 13. Ikitoa kurasa 1,000, nunueni ya kwanza.

Kuzipanga kwa alama

Kwanza ondoeni yale ambayo hayashindanishwi: dari inayoning'inia, nyaya zilizo wazi, sakafu ya choo iliyopasuka. Hayo yafungwe kamba leo na kupelekwa juu ya orodha. Yanayobaki yapewe alama 0 hadi 5 kwa mambo manne: usalama na afya (zidisha kwa 3), kupanda kwa gharama yakisubiri (3), wingi wa watumiaji (2), na wepesi wa kuendesha (2). Jumla ya juu ni 50.

Paa la madarasa likipata 4, 5, 4 na 5, lina 12 + 15 + 8 + 10 = 45. Jenereta ya zahanati ndogo yenye 3, 1, 4 na 2 ina 24. Rangi ya ofisi yenye 0, 1, 2 na 4 ina 15. Kila mjumbe aandike alama zake kwenye karatasi kabla mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa kamati, hajazungumza. Akishazungumza mwenyekiti, alama zote hufanana. Alama hazimfungi mtu. Kamati inaweza kupindua mpangilio, ila sababu iandikwe kwenye muhtasari.

Ugumu halisi uko kwenye maboma. Wananchi wamechanga, wamesomba mawe, kuta zimesimama hadi lenta, na kuyaacha ni kuwavunja moyo. Hata hivyo boma jipya likikamilishwa wakati madarasa ya zamani yanaoza, idadi ya vyumba vinavyotumika haiongezeki. Wekeni kanuni mapema, kwa mfano boma moja likamilishwe kwa kila paa moja linalookolewa. Msiugawe mfuko wa milioni 60 kwa kazi saba ili kila mtaa upate. Mtapata kazi saba ambazo hazijaisha. Tengeni asilimia 10 ya dharura, na 15 kwa jengo la zamani.

Fedha zikichelewa

Zikiingia Februari, msiezue paa Machi. Nunueni mabati na mbao, fanyeni kazi za ndani na vifaa, kisha ezueni chumba kimoja kimoja mvua ikipungua, mkihakikisha kazi inaisha kabla ya Juni 30. Mabati yakihifadhiwa yalazwe juu ya mbao, yakiinama upande mmoja, hewa ipite. Maji yakikaa katikati ya bati na bati huleta kutu nyeupe, na mtaezeka mabati yaliyokwisha kuzeeka stoo.

Ununuzi upite kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kama halmashauri inavyoelekeza. Kwa kazi za fosi akaunti, yaani zinazosimamiwa na taasisi yenyewe kwa kutumia mafundi badala ya mkandarasi, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ziwe na watu tofauti. Kamati ya mapokezi ndiyo yenye nguvu, ikitaka. Ichukue mizani: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi, na ikisoma kilo 9 imepungua unene au urefu. Iangalie tarehe kwenye mifuko ya sementi. Iliyokaa zaidi ya miezi mitatu irudishwe. Unene wa bati upimwe kwa maikromita, si kwa kidole.

Kwenye mkataba wa fundi shikilieni sehemu ya malipo, asilimia 5 au 10, na muiandike wazi kabla hajaanza ili isije ikaonekana ni dhuluma. Paa lililokabidhiwa Septemba linapitia vuli, kisha masika. Mwishoni mwa Mei wale watu watatu waingie tena darini na tochi. Pakiwa pakavu, fundi alipwe kilichobaki kabla mwaka wa fedha haujafungwa.