Kutuma Wajumbe wa Misheni Ng'ambo: Mwongozo kwa Kanisa Dogo

Msitangaze safari kanisani kabla ya kupata barua ya mwaliko kutoka kwa kanisa mwenyeji. Barua itaje tarehe, idadi ya watu wanaoweza kupokelewa, mahali pa kulala, na kazi ambayo wenyeji wenyewe wameiomba. Safari nyingi huharibika hapa: kanisa linaamua kwanza kwamba litaenda kujenga au kufundisha, ndipo linatafuta pa kwenda. Wenyeji hawana moyo wa kukataa wageni. Wanaacha shughuli zao, wanapika, wanatandika vitanda, na ukuta unajengwa na watu ambao hawajawahi kushika mwiko, huku mafundi wa pale pale wakikosa kibarua. Mwulizeni mchungaji mwenyeji waziwazi: fedha hizi za nauli zingeletwa kwenu, mngezifanyia nini? Jibu lake likizidi uzito wa safari, tumeni fedha, watu wabaki.

Ikiwa bado mnahitajika, watu 4 hadi 6 wanatosha. Wanaenea gari moja, na mmoja akiugua, mwenzake anabaki naye hospitalini bila kazi kusimama. Wazee wa kanisa wamhoji kila anayejitolea, na atakayehudumia watoto alete cheti cha polisi cha tabia njema. Anayesafiri na mtoto asiye wake awe na barua ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili.

Anzeni maandalizi miezi 9 hadi 12 kabla. Kikao cha kwanza kila mtu aje na pasipoti yenyewe mkononi, maana "ninayo nyumbani" mara nyingi ni pasipoti iliyokwisha muda. Nchi nyingi hudai iwe na miezi 6 ya uhai na kurasa mbili tupu. Katibu anakili majina herufi kwa herufi kutoka ukurasa wa picha. Mama Neema wa kwaya huenda hana Neema popote kwenye pasipoti yake, na tiketi ikikatwa kwa jina la kanisani, atazuiwa uwanja wa ndege. Kusahihisha jina baada ya tiketi kutoka hutozwa pesa, na tiketi nyingine hazisahihishwi kabisa.

Viza ndiyo sehemu ya kutofanyia mchezo. Andikieni ubalozi mkieleza kazi halisi: kuhubiri, kutibu, kufundisha, kujenga. Nchi nyingi hazihesabu shughuli hizo kuwa utalii, hata kama hamlipwi. Atakayejaza "utalii" huku begi lake limejaa vipeperushi vya mkutano anaweza kurudishwa mpakani, na kanisa mwenyeji ndilo litakalobaki likihojiwa na maofisa. Angalieni pia kama mnahitaji viza ya kupita katika nchi mnapobadilishia ndege. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya safari ifikie angalau euro 30,000. Kokote mwendako, hakikisheni bima inagharimia kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali kubwa au kumrudisha nyumbani. Bima ya bei rahisi mara nyingi huacha kipengele hicho, nacho ndicho kinachoweza kufilisi kanisa dogo.

Fedha za safari ziwe na daftari lake, na zisitoke bila saini mbili, ya mhazini na ya mzee asiyesafiri. Bajeti nyingi hukumbuka nauli na kusahau viza, chanjo, usafiri wa ndani, na gharama za mwenyeji. Hizi za mwenyeji zitumwe kabla hamjafika, kwa sababu hatawadai hata akikopa ili mle. Ongezeni asilimia 10 ya dharura. Wekeni kwa maandishi, mapema, kwamba mchango wa muumini ni wa safari na si wa msafiri: mtu akijitoa, fedha hazimfuati.

Wiki 6 hadi 8 kabla, wote waende kliniki wakiwa na jina la nchi na maeneo watakayotembelea. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuingia, vinginevyo cheti hakijaanza kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani. Kwa dawa za kuzuia malaria, kosa kubwa ni kuziacha siku ya kurudi. Atovakuoni-proguanili huendelea siku 7 baada ya kutoka eneo la malaria, doksisaiklini wiki 4. Homa yoyote baada ya safari, hata miezi kadhaa baadaye, mgonjwa amwambie daktari alikokwenda.

Dawa zisafiri kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Betri za akiba za simu nazo ni za mkononi tu, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Nguo za mitumba acheni, labda mwenyeji aziombe. Forodha huweza kuzishikilia siku nyingi.

Kule, kiongozi wa msafara awe mmoja na afuate mwenyeji. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto, na picha za watoto zisipigwe bila ruhusa ya wazazi. Kanuni moja irudiwe kila jioni: hakuna ahadi za binafsi. Mjumbe akiguswa na shida ya familia fulani, amweleze kiongozi, naye azungumze na mchungaji mwenyeji. Ahadi ya karo iliyotolewa kwa machozi mlangoni mwa nyumba ya mtu, kisha ikasahaulika, huumiza ile familia na kumwaibisha mchungaji anayebaki nayo.

Ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mhazini asome hesabu mbele ya waumini, pamoja na kilichobaki. Nakala iende kwa kanisa mwenyeji, nao waombwe kuandika nini kilisaidia na nini kiliwachosha. Kamati ijadili majibu yao kabla ya kupanga tarehe nyingine.