Jinsi ya Kukadiria Gharama za Kuiwekea Baiskeli ya Milima Breki za Diski

Mtu anayetaka kuiwekea baiskeli yake ya milima breki za diski kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya breki zenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu mara nyingi breki si kitu kilicho ghali zaidi katika kazi hii. Fedha nyingi huishia kwenye magurudumu, pengine na kwenye foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ilhali fremu ndiyo inayoamua kama kazi yenyewe inawezekana. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata skrubu moja, ipindue baiskeli mahali penye mwanga, magurudumu yakiwa juu, uikague.

Anza na fremu. Upande wa kushoto, yaani upande usio na mnyororo, tazama pale mabomba mawili ya nyuma yanapokutana karibu na ekseli. Fremu iliyotengenezwa kupokea diski huwa na bamba dogo lenye matundu mawili yaliyoachana milimita 51, ambamo bolti hupita kutoka pembeni zikiwa sambamba na ekseli. Fremu nyingine zina vishikizo viwili vyenye hesi ndani, vilivyoachana milimita 74. Kalipa, yaani vibanio vinavyoikamata diski, nyingi za baiskeli za milima hufungwa moja kwa moja kwenye vishikizo vya aina hii ya pili, na zikitakiwa kukaa kwenye bamba la aina ya kwanza huhitaji adapta, ambayo ni kipande kidogo cha bei nafuu, kwa hiyo tofauti hiyo isikuhangaishe.

Kinachopaswa kukusimamisha ni kukosekana kwa vyote viwili. Wapo mafundi watakaokubali kuchomelea bamba, na zipo adapta za kubana kwenye bomba, lakini mimi sizishauri hata kidogo. Breki ya diski huipeleka nguvu yote ya kusimamisha gurudumu kwenye sehemu ndogo ya bomba la kushoto, ambalo katika fremu ya namna hiyo halikuundwa kuibeba. Na ikiwa fremu ni ya alumini, moto wa kuchomelea huidhoofisha mpaka itiwe joto upya kwa utaratibu wa kiwandani. Kama fremu haina pa kufungia, breki ya nyuma iachwe ilivyo, na fedha zielekezwe mbele.

Mbele kuna nafuu, kwa kuwa foki isiyo na pa kufungia hubadilishwa bila kuigusa fremu. Pima kipenyo cha bomba la foki linaloingia kwenye kichwa cha fremu: kwenye baiskeli nyingi za milima ni milimita 28.6, na kwenye baadhi ya zile za zamani ni 25.4. Pima pia urefu wa bomba hilo, maana foki iliyotumika huwa imeshakatwa kwa kipimo cha baiskeli nyingine, na bomba fupi halirefushwi.

Sasa geukia magurudumu, ambako ndiko kwenye gharama kubwa. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, inayopokea diski inatambulika kwa macho tu: upande wa kushoto utaona ama matundu sita yaliyopangwa kwa duara, ama meno madogo ambayo diski huvishwa juu yake na kukazwa kwa pete. Kama upande huo ni mtupu, huna budi kupata habu nyingine au gurudumu zima. Wengi hudhani kwamba kubakisha rimu na kubadilisha habu peke yake ni kuokoa fedha. Habu mpya ikiwa na vipimo tofauti, spoku za zamani hazitatosha urefu au zitazidi, na ni lazima zisukwe kwa kupishana, kwa kuwa nguvu ya breki sasa inatoka kwenye habu kwenda kwenye rimu. Ukijumlisha habu, spoku mpya na ujira wa fundi, mara nyingi unaikaribia bei ya gurudumu lililokwisha kusukwa. Kwa gurudumu la nyuma, hakikisha pia kwamba upana wa habu unalingana na nafasi ya fremu, ambayo kwenye baiskeli nyingi za milima zenye ekseli ya kawaida ni milimita 135, na kwamba gia zako zitaingia, kwa sababu gia za kukaza kwa hesi na zile za kuchomeka hazibadilishani habu.

Breki zenyewe ni za waya au za mafuta. Za waya huweza kutumia mikono ya breki uliyonayo ikiwa ni ile ya breki ndefu za kubana rimu, mradi ununue kalipa iliyotengenezwa kwa mvuto huo mrefu wa waya. Kalipa ya baiskeli za mashindano ya barabarani haifai. Za mafuta hukamata vizuri zaidi na hazichoshi vidole, lakini mikono yake huja pamoja nazo, na hapo hujificha gharama ambayo watu huiona wakiwa wameshalipa: kama vibadilisha gia vyako vimeungana na mikono ya breki, navyo itabidi vinunuliwe upya.

Kwenye orodha yako ongeza diski, kwa kipenyo ambacho fremu na foki zinaruhusu, na usome maandishi yaliyochongwa juu yake, kwani baadhi hukubali pedi laini tu na huliwa haraka na pedi za chuma. Ongeza waya na ganda jipya, adapta, bolti na ujira wa kufunga.

Jumla ikizidi nusu ya bei ya baiskeli nzima iliyotumika yenye breki za diski, ningenunua hiyo baiskeli. Isipozidi, bado fikiria kuweka diski ya mbele peke yake, ambayo kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora ya fedha hizi: unapofunga breki kwa nguvu uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, hivyo breki ya rimu nyuma, ikiwa na pedi mpya na waya usiokwama, inatosha.

Baada ya kufunga, safisha diski kwa spiriti, usiiguse kwa vidole, kisha punguza mwendo mara 20 hadi 30 kutoka kasi ya wastani hadi karibu kusimama, bila kulifunga gurudumu kabisa. Kabla ya zoezi hilo breki itaonekana dhaifu, na mtu asiyelijua huenda akanunua pedi nyingine bure.