Namna ya Kuzuia Nyimbo Zisizofaa Kwenye Sherehe za Watoto

Huku kwetu Mtwara na Lindi sherehe za watoto zina majira yake. Mahafali ya darasa la saba huandamana na mtihani wa mwezi wa 9, likizo za mwezi wa 6 na wa 12 huwa za jando na unyago, na fedha za korosho zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima kuanzia mwezi wa 10, hata bethidei ya mtoto wa miaka mitatu hufungiwa turubai na kuletewa spika zinazosikika mtaa wa pili. Malalamiko ya wazazi kuhusu nyimbo husikika kesho yake, turubai likiwa limekwisha kufunguliwa na DJ amekwisha kulipwa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni ya kufanywa wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.

Kabla ya kumkabili mtu yeyote, mzazi anapaswa kujua hasa anachokipinga. Kusema kwamba “nyimbo za siku hizi ni mbaya” hakumsaidii mtu, na DJ aliyezoea kelele za wazee atakuitikia tu kisha aendelee na yake. Usikilize wimbo mwanzo hadi mwisho ukiwa peke yako, uandike maneno yanayokukera, kisha ujiulize kama ubaya umo kwenye neno lenyewe, kwenye fumbo lililofichwa ndani yake, au kwenye uchezaji unaoandamana nao. Fumbo ndilo gumu zaidi. Wasanii wa singeli na wa Bongo Fleva ni hodari wa kutaja chakula, chombo au mnyama huku wakikusudia jambo la chumbani, na mtoto wa miaka saba huenda asijue kinachokusudiwa, lakini yule wa miaka kumi na mbili anajua na atamweleza mwenzake wakirudi nyumbani.

Jambo la lugha nalo lisisahauliwe. Nyimbo nyingi za ngoma zetu zimeimbwa kwa Kimakonde, Kiyao, Kimwera au Kimakua, na mwalimu aliyehamia Newala au Ruangwa kutoka mkoa mwingine anaweza kuzipanga kwenye ratiba kwa kuvutiwa na mdundo, asijue kwamba bibi zetu waliokaa mstari wa nyuma wameinamisha nyuso. Mtafute mtu mzima anayeijua lugha hiyo akufafanulie kila ubeti. Hapo inafaa kutenda haki: wimbo wa unyago hauwi mchafu kwa sababu tu unataja mwili. Kungwi aliutumia kumfundisha mwali ndani, mlango ukiwa umefungwa na wasiohusika wakiwa mbali. Kosa liko kwa anayeutoa ndani na kuupeleka mbele ya watoto wa chekechea, na lawama hiyo haimhusu kungwi. Vivyo hivyo kwa kiuno: sindimba ni ngoma ya kiuno, na mzazi anayepiga marufuku kila mtikisiko atajikuta anagombana na mila yake mwenyewe bila faida yoyote.

Nafasi ya mzazi yenye nguvu kuliko zote ni kikao cha maandalizi, hasa kile kinachojadili michango. Katika kikao hicho bajeti ya muziki hutajwa kama kiasi cha fedha tu, na hakuna anayeuliza ni muziki gani unaonunuliwa. Omba lisomwe azimio fupi lenye mambo matatu: kwamba orodha ya nyimbo italetwa siku saba kabla, kwamba wajumbe wawili wataisikiliza, na kwamba sehemu ya malipo itatolewa sherehe ikimalizika kama ilivyokubaliwa. Hilo la malipo ndilo litakalosikilizwa.

Ukienda kuzungumza na DJ, nenda kwa heshima, kwani mara nyingi ni kijana wa mtaani kwako na mama yake mnajuana. Maneno kama haya yanatosha: “Mwanangu, kazi yako tunaipenda, ndiyo maana tumekuita. Siku hiyo wenye sherehe ni watoto, kwa hiyo tunaomba uandae folda yao peke yake, na za wakubwa uzipige baada ya saa kumi na mbili watoto wakishaondoka.” Muulize pia atapiga kutoka wapi. Anayepiga moja kwa moja kutoka YouTube anaweza kuanza vizuri, akaenda kula pilau, na mtandao ukajichagulia wimbo unaofuata. Mwenye folda kwenye fleshi au kompyuta yake anajua kinachofuata. Usiridhike upesi na toleo lililofutwa matusi, kwa maana watoto huwa wanalijua neno lililokatwa, na pengo likifika hulijaza wenyewe kwa sauti moja, jambo ambalo ni aibu kubwa zaidi kuliko wimbo kupita kimya.

Mshereheshaji naye azungumziwe, na hapa nitarefusha kidogo. Nilihudhuria mahafali ya chekechea moja mjini Mtwara, watoto wakiwa wamevaa majoho ya bluu yaliyowazidi urefu. Ulipoanza wimbo mmoja wa mafumbo, binti mdogo aliinama, akashika chini kwa mikono miwili na kuanza kukata kiuno. Kina mama walipiga vigelegele, mshereheshaji akamwita jina mara tatu kwenye maiki, na mzee mmoja aliyevaa kanzu akaondoka kitini kwake na kumbandika noti ya shilingi 2,000 kwenye paji la uso. Haikupita dakika moja wenzake wanne wakawa wameinama karibu yake. Nina hakika hakuna hata mmoja aliyeelewa maneno ya wimbo ule, lakini ile noti waliielewa wote. Kwa hiyo kamati itangaze mapema kwamba watoto watatunzwa kwa kukariri shairi, kuimba au kuigiza, na mshereheshaji asimsifu mtoto kwa uchezaji ambao asingependa binti yake aucheze mbele ya wageni.

Ikiwa pamoja na yote hayo wimbo usiofaa utapigwa, usiende kunyang’anya maiki. Ugomvi wa wakubwa utawafanya watoto waukumbuke wimbo huo kuliko keki. Awepo mjumbe mmoja aliyekwisha kukubaliana na DJ ishara, kama kuinua kitambaa cheupe, na wimbo wa kubadilishia uwe tayari. Nyumbani usimpige mtoto kwa kuimba alichopigiwa na watu wazima. Muulize amesikia nini, kisha umweleze kwa kiasi cha umri wake.

Yakibaki malalamiko, yafuate ngazi. Ya shuleni yaanzie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa maandishi, yakitaja siku, wimbo na maneno yaliyosikika. Ya mtaani yapelekwe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na kama mtoto amedhalilishwa, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Ikiwa tatizo ni wimbo wenyewe, lipo Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ingawa kwa sherehe ya Jumamosi hii barua ya kwenda huko haitakufaa.

Siku yenyewe, fika saa moja kabla ya wageni, wakati nyaya zinaunganishwa. Mwombe DJ aifungue ile folda mbele yako, upitie majina ya nyimbo kutoka juu hadi chini, na usikilize kidogo kila usioufahamu. Nakala ya orodha iliyopita salama mkabidhi katibu wa kamati, ili watakaoandaa mahafali ya mwaka unaofuata wawe na pa kuanzia.