Somo: Namna ya kubeba utafiti na mitihani ya udaktari kwa pamoja (kwa mnaokusanya data Tabora na Kigoma)

Wakuu habari za mapambano. Msimu umefika, madogo wa mwaka wa nne na wa tano wameshaanza kuniuliza kila mtu kwa wakati wake, dokta niache utafiti nisome au niache kusoma nimalize utafiti. Usiache hata kimoja. Utafiti una kusubiri kwingi balaa, unasubiri kibali, unasubiri msimamizi asome, unasubiri faili litafutwe, ila mtihani haumsubiri mtu. Kwahiyo kazi yako ni kupanga kule kusubiri kuangukie kwenye wiki za kusoma, basi.

Hatua ya 1: Chagua topiki unayotahiniwa

Hapa ndio watu wanajiua wenyewe. Mtu anachukua topiki eti inaonekana ya kisasa, kumbe hata swali moja la mtihani haigusi. Chukua mfano kifafa cha mimba, wodi ya wazazi hospitali ya mkoa iwe Kitete au Maweni ni kitu utakutana nacho, na kwenye OSCE (mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo) hakikosekani. Ukishika faili funika kwanza ukurasa wa matibabu, soma historia na presha tu, jiulize ningekuwa zamu mimi ningempa nini. Magnesiamu salfeti, dozi ya kuanzia gramu 4 mshipani na gramu 10 kwenye msuli yaani tano kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya masaa manne. Haya, kabla ya kurudia dozi unaangalia nini? Anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, goti ukiligonga linaitika. Ikizidi je? Kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani, taratibu. Sasa funua uone wenzako walifanya nini, jaza fomu, vuta faili linalofuata. Ukimaliza mafaili yako yote mtahini gani atakubabaisha kwenye hiyo mada?

Hatua ya 2: Usijitwishe sampuli usiyoihitaji

Wengi wanaweka p (kiwango cha tatizo unachotarajia kukikuta) asilimia 50 kwa uvivu wa kusoma tafiti za nyuma. Hesabu ni 3.8416 mara p mara (1 kutoa p), gawanya kwa 0.0025 kama kosa unaloruhusu ni asilimia 5. Kwa 50 unapata 385 (desimali unapandisha juu). Ila kama utafiti wa nyuma kwenye eneo linalofanana ulikuta asilimia 20, unapata 246. Hayo ni mafaili 139 umeyakwepa kihalali kabisa kwa jioni moja ya kusoma. Angalizo, p ikiwa ndogo sana, tuseme chini ya 10, asilimia 5 ya kosa inakuwa pana mno na panelisti atakubana, hapo shuka mpaka 3 au 2 na sampuli itapanda tena, usishangae.

Hatua ya 3: Kibali kitangulie

Proposo iende kamati ya maadili kabla hujaanza kusoma kwa nguvu, barua ya Mganga Mfawidhi iandae kabisa ibaki kujazwa tarehe. Inapokuwa mezani kwa watu wewe uko kwenye vitabu. Mtu anayepeleka proposo mtihani umeisha, atakaa anasubiri hana cha kusoma wala cha kukusanya.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Asubuhi kichwa kikiwa kizima ni maswali ya mtihani, sio kuingiza data. Kuingiza data ni kazi ya jioni umechoka. Ukimaliza maswali nenda masjala mapema jua la Tabora halijachachamaa, na orodha ya namba za mafaili uwe umeiacha jana yake, usifike mikono mitupu unaanza kutaja moja moja. Ukiingia salimia vizuri, mwangaluka mayo (salamu ya asubuhi ya huku kwa mama), sio kuanza na "naomba mafaili", utaambiwa njoo kesho na utastahili. Andika namba ya utambulisho (code) sio majina ya wagonjwa, na picha za faili kwenye simu hapana.

Hatua ya 5: Gandisha

Ukikaribia mtihani funga utafiti. Andika karatasi moja umefikia wapi na kinachofuata ni nini, basi usifungue tena mpaka umalize pepa la mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Urambo: Mkuu mimi naitaka malale (ugonjwa wa mbung'o), huku kwetu ndio penyewe na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wana kituo Tabora.

Jibu: Topiki tamu na Tabora ina historia nayo ndefu, ila wagonjwa siku hizi ni wachache utakaa unawangoja. Fanya uelewa wa wahudumu wa zahanati badala ya wagonjwa. Na ujue mwongozo wa WHO wa 2024 umeleta feksinidazoli ya kumeza hata kwa rhodesiense yetu (aina ya kimelea cha malale cha Afrika Mashariki), usije ukajibu ya zamani peke yake.

Dada wa Kasulu: Shikamoo dokta. Mtandao kwetu wa kubahatisha, fomu za simu zitafaa kweli?

Jibu: Marahaba dada. KoboCollect (programu ya fomu za data) inajaza bila bando, unatuma ukifika mjini. AnkiDroid (programu ya kadi za kukariri) nayo hivyohivyo ukishapakua kadi zako.

Mdau wa Nzega: Wanaolenga Marekani tupe maujanja, chapisho au Step (mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE)?

Jibu: Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, haina alama, ndio maana watu wamehamia kukimbilia machapisho. Lakini Step 2 CK bado ina alama, na ukifeli inabaki kwenye rekodi na kila Step mwisho mara nne. Chapisho hata mwakani utaandika. Step kwanza.

Kijana wa Ujiji: Msimamizi kakaa na sura ya tatu hajibu, nimsumbue?

Jibu: Mkumbushe kwa heshima Jumatatu asubuhi, ujumbe mfupi wenye swali moja analoweza kujibu ndio au hapana. "Naomba maoni" haijibiki, "mzee, sampuli ya 246 inatosha?" inajibika hata akiwa kwenye foleni ya kliniki.