Kombe limetoweka: uchunguzi wa jinai darasani kwa fizikia, kemia na biolojia

Kabati liko wazi na kombe la michezo halimo. Mezani pamebaki kikombe cheupe, karatasi yenye maneno matatu ya wino mweusi na unga mweupe kidogo. Sakafuni kuna matone mekundu, kipande cha kioo na kitambaa chenye nywele mbili. Wanafunzi wamesimama nyuma ya kamba, na hata wale wanaosinzia kipindi cha kemia wananyoosha shingo waone.

Nimeendesha zoezi hili miaka mingi, na naliandika hapa hatua kwa hatua ili mwalimu mwenzangu ulifanye kwa vifaa vya kawaida vya maabara ya shule. Tenga vipindi sita vya dakika 40. Jambo moja ulishike tangu mwanzo, maana ndilo linalobeba kazi yote: ushahidi wa maabara huanza kwa kuondoa. Hukuambia nani hawezi kuwa, kabla ya kukuambia nani anaweza kuwa. Wanafunzi huja wakitaka kumkamata mtu. Wewe wafundishe kwanza kumwachia mtu.

Hatua ya 1: Tunga kisa

Washukiwa wawe wanne, wa kubuni, waitwe A, B, C na D. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mwanafunzi mmoja nafasi ya mwizi, kwa ridhaa yake, nikidhani ni mchezo tu. Muhula mzima wenzake walimwita mwizi. Niliumia sana, na tangu hapo hakuna jina la mtu wa shuleni linaloingia kwenye kisa changu.

Kila mshukiwa mwandalie bahasha yenye kalamu yake, alama zake za vidole (waombe watu wazima wanne wanaokubali), unga uliokutwa kwenye nguo zake, nywele za mnyama anayemfuga na kipande cha kioo. Usiache ushahidi wote uelekee kwa mtu mmoja. Wino umwondoe mmoja, unga umwondoe mwingine, kitu kingine kisimwondoe yeyote.

Mimi humwomba mwalimu mwingine achague mhusika na kuandaa meza, kisha afunge jibu kwenye bahasha. Mwalimu anayelijua jibu huwaongoza wanafunzi kwa macho bila kukusudia.

Hatua ya 2: Eneo la tukio

Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alishikilia kwamba watu na vitu vinapogusana kila upande huachia mwenzake kitu. Ndiyo maana hakuna anayevuka kamba bila glavu.

Picha kwanza. Kisha mchoro wenye vipimo. Kuokota ni mwisho. Kila kitu kiingie bahasha yake yenye lebo: ni nini, kimeokotwa wapi, saa ngapi, na nani. Bahasha inapobadilisha mkono, anayepokea anatia sahihi. Kitu chenye unyevu kiwekwe kwenye karatasi, si plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu ndani na ukungu huota. Sahihi moja ikikosekana, ushahidi huo nautoa kwenye kesi, hata kama ndio mzuri kuliko yote. Watalalamika. Shikilia msimamo, na bahasha za kikundi kinachofuata utazikuta zimejazwa vizuri.

Hatua ya 3: Alama za vidole

Anayeandaa kikombe apitishe kidole puani kwanza ili kipate mafuta, kisha akibonyeze kikombeni. Saga risasi ya penseli kwa msasa upate unga mweusi laini. Chovya brashi laini sana, ikung'ute, halafu ipitishe kama unayepangusa vumbi kwenye bawa la kipepeo. Ukikandamiza, mistari inafutika na hairudi. Alama ikijitokeza, bandika selotepu juu yake, inyanyue taratibu kutoka upande mmoja na uibandike kwenye karatasi nyeupe.

Sasa soma umbo. Kuna vitanzi (mistari inaingia na kurudi upande ule ule), kuna mizunguko (inazunguka duara), na kuna matao (inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine). Kwa makadirio yanayotumika sana, vitanzi ni kama asilimia 60 hadi 65 ya alama zote, mizunguko 30 hadi 35, na matao kama 5. Kwa hiyo kitanzi kikombeni kinamwondoa mshukiwa ambaye hana kitanzi kwenye kidole chochote kati ya kumi, lakini hakimnasi mwenye nacho, kwa sababu wenye navyo wamejaa darasani. Ili kwenda mbali zaidi, tazama kwa lenzi mahali mistari inapokatika na mahali inapogawanyika panda. Napenda alama ya kikombeni iwe nusu tu, imechafuka upande mmoja, kama zilivyo nyingi za kweli.

Wanafunzi wakichukua alama zao wenyewe kwa mazoezi, zikatwekatwe mbele yao kabla kipindi hakijaisha. Alama ya kidole ni mali ya mtu.

Hatua ya 4: Wino

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba weusi si rangi moja.

Kata ukanda wa karatasi ya chujio, upana sm 2, urefu sm 11. Piga mstari kwa penseli sm 2 kutoka chini. Iwe penseli, kwani risasi yake haiyeyuki, wakati mstari wa kalamu ungepanda pamoja na sampuli. Kwa kalamu za washukiwa weka nukta ndogo juu ya mstari, iache ikauke, rudia mara tatu. Kwa ile karatasi ya mezani, kata herufi moja, itie kwenye matone machache ya ethanoli, subiri wino utoke, kisha chukua tone kwa neli nyembamba na uliweke kwenye ukanda wake. Andaa na ukanda mmoja wa karatasi ile ile isiyoandikwa, uliopitia ethanoli vilevile. Huo ni wa kulinganishia, na usipokuwepo huwezi kujua kama rangi unayoiona imetoka kwenye wino au kwenye karatasi.

Tia kiyeyusho kwenye bika, kina cha sm 1. Kalamu za wino wa kuoshika zinataka maji, kalamu za mpira (bolpeni) zinataka ethanoli. Weka mbali na moto. Kanda zote ziende kwenye kiyeyusho kimoja, la sivyo hulinganishi kitu. Ning'iniza ukanda ili ncha iguse kiyeyusho lakini nukta ibaki juu yake, kisha funika bika. Nukta ikizama, wino unayeyukia kwenye bika na kazi imeharibika.

Kiyeyusho kikifika karibu na sm 1 kutoka juu, toa ukanda na uweke alama ya penseli pale kilipofikia, papo hapo, kabla hakijakauka. Pima kutoka mstari wa kuanzia. Gawanya umbali uliosafiri na rangi kwa umbali uliosafiri na kiyeyusho. Tuseme kiyeyusho kimekwenda sm 8.0, buluu sm 6.2 na waridi sm 4.4. Buluu inapata 0.78 na waridi 0.55. Kalamu isiyo na waridi kabisa haikuandika karatasi hiyo, na mwenye kalamu hiyo tu ameondoka kwenye orodha. Kalamu yenye rangi zile zile kwa vipimo vile vile inabaki, lakini kumbuka kiwanda hutengeneza maelfu ya kalamu za wino mmoja.

Hatua ya 5: Unga mweupe

Andaa unga unaojulikana: wanga wa mahindi, soda ya kuokea, chumvi, sukari, plasta ya Paris na beking pauda. Hakuna kuonja wala kunusa. Kila unga upimwe kwa maji, kwa iodini na kwa siki, na matokeo yaandikwe kwenye jedwali kabla ya kugusa unga wa mezani.

Wanga hugeuka buluu iliyokolea hadi nyeusi kwa iodini. Soda ya kuokea hutoa mapovu kwa siki. Plasta huchanganyika na maji kidogo, ikapata joto, ikaganda. Chumvi na sukari zinakaa kimya kwa iodini na siki. Zitofautishe kwa umbo la chembe zake chini ya lenzi.

Unga ninaoupenda uwe wa mezani ni beking pauda, kwa kuwa ndani yake mna soda, tindikali kavu na, kwa kawaida, wanga. Unatoa mapovu kwa maji matupu, na iodini inageuka nyeusi. Kikundi kinachokimbilia siki kitaona mapovu na kutangaza «soda!». Kilichofuata jedwali kimeshaona kwamba soda peke yake haifanyi hivyo kwa maji. Usiwakatishe mapema. Waache wabishane juu ya meza.

Hatua ya 6: Matone mekundu

Damu bandia tupu: shira ya sukari, maji na rangi nyekundu ya chakula. Damu ya kweli, ya mtu au ya mnyama, isiingie darasani.

Anza na tone lianguke wima kwenye karatasi tambarare kutoka sm 25, sm 50 na mita 1. Kutoka mita 1 linafika kwa kasi ya karibu mita 4.4 kwa sekunde. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kwa mzizi wa 2gh, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na h ni kimo. Kipenyo cha doa kinakua na kimo, lakini ongezeko linazidi kupungua, kwa hiyo kukisia kimo kwa doa moja ni hatari.

Kisha inamisha ubao. Doa linageuka yai, na hapo trigonometria inapata kazi: sine ya pembe ya kugonga ni upana wa doa kugawanya kwa urefu wake. Upana mm 6 na urefu mm 12 vinatoa 0.5, yaani nyuzi 30.

Makosa mawili hurudi kila mwaka. La kwanza ni kupima na mkia. Doa lile lile likipimwa pamoja na mkia wake wa mm 4 linakuwa na urefu wa mm 16, sine inashuka hadi 0.375 na pembe kuwa nyuzi 22. Urefu ni wa yai tu. Kazi ya mkia ni kuonyesha tone lilikuwa linaelekea wapi. La pili linawachanganya hata wazuri wa hisabati. Ubao ulioinuliwa nyuzi 60 kutoka mezani hugongwa na tone la wima kwa nyuzi 30, si 60, kwa sababu pembe inahesabiwa kati ya njia ya tone na uso wa ubao. Wachoreshe kwanza, hesabu baadaye.

Hatua ya 7: Kioo

Usitumie kioo kilichovunjika. Kata fimbo za kioo na uyeyushe kingo kwenye moto hadi ziwe laini. Mwaga mafuta ya kupikia kwenye bika na utumbukize vipande kimoja kimoja. Kioo cha kawaida kinaonekana. Kioo cha borosilikati, kile cha vyombo vya maabara vinavyostahimili joto, kinapotea machoni, kwa kuwa kinapinda mwanga karibu sawa na mafuta: kipimo cha kupinda huko ni takriban 1.47 kwa vyote viwili, wakati kioo cha kawaida ni kama 1.52. Hakikisha kwa msongamano: pima tungamo, pata ujazo kwa maji yaliyopanda kwenye silinda. Borosilikati ni karibu gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo, kioo cha kawaida 2.5. Kwa kipande kidogo tofauti hiyo inamezwa na makosa ya kipimo, basi tumia vipande kadhaa pamoja.

Hatua ya 8: Nywele na DNA

Unywele uweke kwenye slaidi na tone la maji. Katikati yake tafuta uboho, yaani kiini kinachopita ndani kwa urefu wa unywele. Kwa binadamu upana wake huwa chini ya theluthi moja ya upana wa unywele, na mara nyingine hauonekani; kwa wanyama wengi hufika nusu au zaidi. Inatosha kuutenga wa mtu na wa paka.

DNA unaweza kuitoa kwenye ndizi kwa chumvi, sabuni ya vyombo na alkoholi ya baridi sana, na nyuzi nyeupe zinapendeza. Lakini waambie wazi kwamba nyuzi hizo hazimtambulishi yeyote. Utambuzi ulianza Leicester, Uingereza, mwaka 1984, Alec Jeffreys alipogundua namna ya kulinganisha vipande vya DNA vinavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Na kesi ya kwanza ya mauaji iliyotumia njia hiyo ilianza kwa kumwondoa mtu: kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri kosa. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988.

Hatua ya 9: Ripoti

Ruhusu majibu matatu tu kwa kila ushahidi: «unalingana», «haulingani», «hautoshi kuamua». Neno «ni yake» nalipiga marufuku. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walisema alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko ni ya wakili mmoja wa Marekani. Alizuiliwa kama wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipoonyesha kwamba ni ya mtu mwingine, na FBI wakaomba radhi. Wasomee kisa hicho kabla hawajaanza kuandika.

Vikundi vibadilishane ripoti, kila kimoja kitafute kwa mwenzake sentensi inayodai zaidi ya vipimo vilivyopo. Ndipo bahasha ifunguliwe. Mwaka jana kikundi kimoja kiliandika: «A na C wameondolewa kwa wino na unga. B na D wanabaki. Nusu ya alama ya kidole haitoshi kuamua kati yao.» Kingine kilimtaja D moja kwa moja, na bahasha ilikuwa na D kweli. Alama za juu nilikipa kile cha kwanza, na kipindi kilichofuata wote walitaka kujua kwa nini.