Keki ya boga kwa jiko la mkaa, na mlima wa kuilia wakati wa kipupwe

Kipupwe kimeingia. Mahindi yameshavunwa, maboga yaliyopandwa katikati yake yamelundikwa stoo, na asubuhi hapa Mbeya mjini mtu hatoki bila sweta. Huu ndio msimu wetu wa kuoka na kutembea. Ulaya na Marekani wao huoka vitu vya maboga kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti yao yakipukutika, kwa hiyo mapishi yao hujaa mtandaoni mwezi Oktoba. Kwetu Oktoba ni joto na vumbi. Usiwasubiri: boga lako zuri liko ndani sasa hivi.

Mapishi hayo yana shida nyingine kubwa kuliko kalenda. Mengi yameandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, wenye oveni na boga la kopo lililo zito. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi pauda hutanuka haraka. Keki huumuka kabla haijashika, kisha hubonyea katikati. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na unyevu hutoka mapema. Wengi wanaosema "mimi keki hazinikubali" hawana kosa lolote, wamefuata tu vipimo vya pwani.

Mahitaji: unga wa ngano vikombe 2, boga lililopondwa kikombe 1, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta ya alizeti nusu kikombe, mayai 3, maziwa vijiko 3 vya chakula, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, iliki, mdalasini na tangawizi ya unga. Pwani ungeweka bekingi pauda vijiko 2 na sukari kikombe kizima. Huku punguza.

Hatua ya kwanza ni boga, na hapa ndipo penye kazi. Chagua lililo zito, lenye ganda gumu na kikonyo kilichokauka. Usilichemshe kwenye maji mengi kama la kula na chai, maana litalewa maji na keki itakuwa uji. Likate vipande vikubwa pamoja na ganda lake, yapange majani ya mgomba chini ya sufuria, mimina maji kidogo, weka vipande juu na ufunike vizuri livivie kwa mvuke. Likiiva, kwangua nyama, ponda, weka kwenye kitambaa safi na uliache lichuje mpaka liache kudondosha. Kijiko kikisimama chenyewe ndani yake, limefaa. Mbegu osha, anika, kaanga na chumvi. Ni za njiani.

Hatua ya pili: piga mayai na sukari mpaka vichanganyike, ongeza mafuta, boga na maziwa. Chekecha unga pamoja na bekingi pauda, chumvi na viungo, umimine na ukoroge kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena. Hapo simama. Ukiendelea kukoroga, keki inakuwa ngumu.

Hatua ya tatu, moto. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika na uipashe jikoni kama robo saa. Paka mafuta sufuria ndogo, inyunyizie unga, mimina rojo lisizidi nusu ya kina chake, kisha iweke juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa wa bati na upange makaa juu yake. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wanaounguza kitako cha keki karibu wote wamefanya kinyume. Usifunue kabla ya dakika 35, hata harufu ikikuita. Kisha choma kwa njiti katikati: ikitoka kavu, imeiva. Mara nyingi ni kama dakika 45 hadi 50.

Iache ipoe kabisa, ifunge kwa kitambaa safi, uikate hukohuko mwendako. Ya boga hunoga zaidi siku ya pili, basi oka Ijumaa jioni.

Na mwendako? Mimi nasema Ziwa Ngozi. Shika barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ushuke njia panda ya ziwa, ukachukue kiongozi wa hapo kijijini. Njia inapita msituni, kuna mianzi na migomba pori, na mwisho ni mpando mkali mpaka ukingoni, ziwa likiwa chini kabisa ndani ya shimo la volkano. Kulia ukingoni kunatosha. Kuta za kuteremkia majini ni za hatari, usipeleke watoto. Vaa viatu vya kushika udongo, beba koti la mvua hata kama ni Julai, maana upande wa Rungwe mvua haina likizo. Chai ya tangawizi kwenye chupa, na mfuko wa kurudisha takataka zenu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Makambako: Dada, nimepunguza bekingi pauda kama ulivyosema, bado imebonyea.
Jibu: Pole, mpendwa. Tazama mambo mawili. Ulifunua mapema? Baridi ya huko Makambako ikiingia, keki inashuka palepale. Kama hukufunua, basi boga halikuchuja vya kutosha.

Mwanachama, Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo. Ndizi mbivu zinaweza kushika nafasi ya boga?
Jibu: Zinaweza, na kwenu ndiyo mali yenyewe. Ziwe zimeiva mpaka ganda lina madoa meusi, uziponde kipimo kilekile. Sukari punguza iwe nusu kikombe.

Mwanachama, Iringa: Kamwene dada. Ngozi ni mbali kwetu na nina mama mzee. Twende wapi?
Jibu: Kamwene! Nendeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara hii ya kuja Mbeya. Kuna zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za mchanga zilizochongwa na maji. Kushuka bondeni kwenye nguzo ni kwa wenye magoti. Mama umtandikie mkeka kivulini juu, mle keki pamoja kwanza, ndipo vijana washuke.

Mwanachama, Uyole: Vipi Kitulo mwezi wa saba, tukaone maua?
Jibu: Maua ya Kitulo ni ya masika, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi wa saba utakuta nyasi kavu, anga safi na baridi ya kugandisha umande. Kama ni maua unayotaka, ahirisha. Kama ni kutembea tu uwanda ule mpana, nenda, ila blanketi lisibaki nyumbani.