Tafuta saa ambayo simu inakuumiza, ukate hapo

Ukiona mitandao inakulemea moyo, usikimbilie kufuta kila kitu. Hapa Uganda, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere au kijana anayetafuta kazi Mbarara haishi bila WhatsApp: ratiba za masomo, nafasi za kazi na michango ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) hupitia humo. Anayefuta zote Jumatatu huzirudisha Jumatano, tena kwa njaa kubwa zaidi.

Anza na daftari. Kwa siku saba, kila ukimaliza kuperuzi zaidi ya dakika 10, andika mstari mmoja: saa, programu, na hali ya moyo kwa alama ya 1 (mbaya sana) hadi 5 (nzuri sana). Dakika usizikisie. Simu nyingi za Android huzihesabu kwenye mipangilio, sehemu ya Digital Wellbeing. iPhone huziweka kwenye Screen Time.

Wiki ikiisha, zungushia alama za 1 na 2. Mara nyingi utazikuta zimerundikana mahali pamoja: usiku, kitandani, ukitazama maisha ya watu bila kuzungumza na yeyote. Uliyesoma naye yuko kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, Dubai, mwingine kavaa joho la mahafali, nawe karo ya muhula haijatimia. Picha haikuonyeshi deni alilosafiria wala chumba anachobanana na wenzake.

Usiku ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu bando za usiku ni nafuu na mtu huona akilala data itampotea. Kinachompotea ni usingizi, na asiyelala huamka na moyo mzito kabla hata hajafungua simu. Acha bando hizo kwa mwezi mmoja. Nunua ya mchana hata kama ni ndogo. Chaji simu mapema, kisha iweke mbali na mkono saa moja kabla ya kulala. Kama mnalala wanne hosteli ya Kikoni na unahofia wizi, ifungie sandukuni. Usiseme unaihitaji kwa kengele ya asubuhi: nunua saa ndogo ya mezani.

Kwa mchana, weka kikomo cha dakika 30 kwa jumla ya programu zilizopata alama mbaya. Mwaka 2018 watafiti wa University of Pennsylvania walichapisha matokeo ya wanafunzi 143: waliopunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kila moja kwa siku, kwa wiki tatu, walipungukiwa na upweke na huzuni kuliko walioendelea kama kawaida. Kikomo cha simu lakini huvunjika kirahisi, maana mwenye kukiweka ndiye mwenye kukiongeza. Ukikivunja mara mbili, toa programu hiyo, uingie kwa kivinjari, na utoke kwenye akaunti kila umalizapo. Kwa Facebook, iliyofungwa nchini tangu Januari 2021, zima VPN, ile programu ya kufikia mitandao iliyofungwa, isijiwashe yenyewe. Zile sekunde za kusubiri iunganishe zinakupa nafasi ya kujiuliza umefuata nini.

WhatsApp ibaki, ila zima arifa za makundi na unyamazishe stetasi za wanaokuchoma, hawataarifiwa. Muda uliookoa upe kazi siku hiyohiyo, la sivyo utarudi kwenye skrini. Kumpigia rafiki mmoja simu ya sauti kwa dakika 15 hufaa kuliko kutazama stetasi 40.

Andika alama tena katika wiki ya tatu, ulinganishe. Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda vikidumu wiki mbili, tatizo limepita simu: nenda Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu wa karibu akupeleke siku hiyohiyo. Daftari lako lichukue. Litamwonyesha mhudumu ni saa ngapi, na baada ya nini, hali yako hubadilika.